Chupa ya Jeptoo bado imetundikwa mlangoni

Nekesa, nakupigia hushiki. Mtoto wa Jeptoo amekunywa mafuta ya taa, tuko naye hospitali.

Unajua vile sisi wa Kanamkemer huzungushia chupa ya maji gunia lililolowa, tukaitundika mlangoni ipoe. Jana mtungi wa mafuta ulitoboka, Jeptoo akayahamishia kwa chupa hiyo hiyo. Gunia hakutoa. Kwa mazoea akaitundika pale pale. Leo Ashley ametoka kucheza na kiu, ameona gunia, akajua ni maji.

Si hilo tu. Jeptoo akampa maziwa, akamtia kidole kooni atapike, vile kwao sumu hutolewa. Nesi akauliza, "Nani amemtapisha?"

Jeptoo akasema, mimi.

"Mama, mafuta ya taa hayatapishwi. Yakirudi juu yanaingia kwa mapafu."

Mpaka sasa anarudia tu, ni mimi, ni mimi nimemtapisha. Mtoto yuko kwa oksijeni, anahema kama aliyekimbizwa.

Halafu nesi akaitisha chupa aione. Jeptoo akapiga yowe. Chupa hakuibeba. Iko mlangoni, na pacha wa Ashley anatoka nasari saa hii, na kiu yake.

Wewe ndio uko karibu. Wacha kunijibu, kimbia.