Kiti cha Kaka Yako

Wifi yangu,

Huku hatujambo, paa halivuji tena, na kaka yako anakula vizuri. Ila nakuandikia kwa haraka. Bungeni chama chetu kinawazidi wapinzani kwa kiti kimoja tu, nacho ni cha kaka yako. Ndiyo maana wakubwa wa chama wamekataza asionwe na daktari, siri ya ugonjwa wake isije ikavuja, na sasa gari lao liko njiani kumchukua akapige kura ya kuiokoa serikali. Eti kazi yake ni kuinua mkono tu! Nilipokuwa namfunga tai, akaniuliza kwa upole, "Mama watoto, hivi mimi ni wa chama gani?"

Nikamwambia anywe chai kwanza. Chai imekwisha, wifi, na bado ananitazama.

Ni mimi, mke wa kaka yako