Maziwa ya Hamisi

Chamwino, Jumanne

Mimi ndiye niliyemzoesha Hamisi maziwa. Tangu mwanangu huyo aanze kazi kwenye mashine ya kusaga mawe kuwa kokoto, miaka mitatu sasa, kila jioni humpa kikombe cha maziwa, nikiamini yanasafisha vumbi kifuani.

Leo nimemuuliza daktari kuhusu kikohozi chake. Amenijibu kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi: "Mzee wangu, maziwa huenda tumboni. Vumbi kubwa hunaswa puani. Lile laini lisiloonekana hufika chini kabisa ya mapafu, likakaa huko."

Miaka mitatu nimekuwa nikimdanganya!

Jioni Hamisi alirudi nyusi zikiwa nyeupe kwa vumbi. "Shikamoo, baba. Maziwa yangu yapo?"

Nilikusudia kumwambia aliyosema daktari, lakini nikammiminia.

"Haya, mapafu yameshaoga!" akacheka, kisha akakohoa.

Kesho anatoka saa kumi na mbili asubuhi. Lazima niamke kabla yake, nimwambie kabla hajaenda kwenye vumbi.