Kalvati la Kilomita ya Saba

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na watoto. Mimi ni mzima, ila vumbi la meza ya kuchorea bado linanikohoza. Mguu wako unaendeleaje? Na yule mdogo, bado anajificha chini ya meza akiambiwa akaoge?

Kaa chini kabla hujaendelea kusoma. Bosi wangu, yule tunayemwita Bwana Kavu, amekiona cha mtema kuni.

Unajua kwa nini tulimpa jina hilo. Barabara zote huzikagua kiangazi. Kiatu chake hakijui tope. Na ndiye aliyeandika, bila kukanyaga kilomita ya saba, kwamba shemeji aliendesha lori kwa uzembe mpaka mafuriko yakamchukua. Kwa karatasi moja ukawa mjane wa mzembe. Miaka mitatu nimemwitikia "ndiyo mzee", moyoni nikisema siku za mwizi ni arobaini.

Mwaka huu wamekuja wahandisi wa nchi tatu. Kwao nako barabara zimesombwa, wakakubaliana na serikali yetu washirikiane kujenga barabara za kuhimili mvua hizi za siku hizi zisizo na adabu. Bwana Kavu aliniagiza niwaandikie waje kiangazi. Niliwaandikia, kwa heshima zote, kwamba anayetaka kuijua barabara yetu aje wakati wa mvua. Yeye barua hazisomi, hutia sahihi tu.

Wakaja, na mvua ikanyesha kana kwamba niliituma mimi. Kilomita ya saba maji yalifika magotini. Mhandisi mmoja, mama mwenye mvi, aliuliza kuhusu kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara. Bwana Kavu alijibu kutoka ndani ya gari kwamba upana wake ni mita moja na nusu. Mama yule akaingia majini na ufito wa kupimia, akatoka akisema ni nusu mita, halitoshi hata maji ya kufulia. Akamwomba ashuke apime mwenyewe. Dada, alishuka! Na viatu vyake vya kung'aa! Nilicheka mbele ya watu wote, wala sijuti.

Amesimamishwa kazi. Ripoti mpya imeandikwa kwa lugha nne, na zote zinasema barabara ilibomoka chini ya lori. Dereva hakuwa na kosa. Nakala yako hii hapa. Ibandike ukutani majirani waisome.

Sasa nisikilize, maana mchimba kisima huingia mwenyewe. Barabara ile ilipokuwa ikijengwa, mabomba madogo yalikuwa tayari ghalani na siku ya ufunguzi ilikuwa imekaribia, Bwana Kavu akaamuru mchoro wa kalvati ubadilishwe. Mkono uliofuta mita moja na nusu ukaandika nusu ni wangu. Nilijua maji hayatapita. Niliogopa kufukuzwa, nikanyamaza, na mwaka uliofuata shemeji akapita pale. Nimemchukia yule mzee miaka yote hii ili nisijitazame. Mchoro wenyewe nimewapa wageni, una sahihi yangu, na kesho nakabidhi meza.

Wabusu watoto. Nitafika Jumamosi asubuhi, usiniandalie chochote. Kwa mmoja nimekwisha kukulipizia kisasi. Wa pili nakuletea mwenyewe hadi mlangoni, umfanye utakavyo.

Ni mimi mdogo wako,
Mchoraji