Kopo la Mashine ya Mutua

Matiliku, Alhamisi, Agosti 1987

Na mwalimu akaniita mfano mzuri mbele ya darasa! Si angenyamaza tu.

Kwenye kozi ya biashara, pale ukumbi wa kanisa, alitufundisha kwamba pesa iliyokwisha kutumika isikuamulie kitu. Imeenda. Angalia mbele tu: mashine italeta nini, na itakula nini. Nikapigia hesabu mashine yetu ya kusaga. Mvua imekosa, watu hawana mahindi, na dizeli haipungui bei kwa sababu ya njaa. Jibu lilikuwa moja. Uza.

Leo mnunuzi amekuja na lori kutoka Nuu. Mama mkwe akatoka, akalishikilia gurudumu lile kubwa la mashine.

"Mwaitu, mama yangu, ilikuwa inatumaliza," nikamwambia.

"Mutua aliuza ng'ombe wa baba yake akanunua hii. Wewe umesoma ukamuuza yeye."

Ningemwambia ng'ombe wale hawahesabiwi tena? Yeye ndiye aliyemzaa. Mimi nilikuwa mke wake tu, na hata mwaka haujaisha tangu tumzike.

Nimerudia hesabu nikitafuta kosa. Ningefurahi kulipata. Hakuna.

Kabla hawajapakia nilichomoa lile kopo ambalo Mutua alilifunika juu ya bomba la moshi, ili mlio uwaite wateja hadi ng'ambo ya mto. Kila asubuhi niliposikia likilia, nilijua amefika kazini.

Liko hapa mezani, jeusi tititi. Nimelipuliza kama mwendawazimu. Halilii.