Fundi Bomba Hajawahi Kuvuja

3 Machi

Mwanangu Kasuku,
Hujambo? Mimi ni mzima kama chuma. Daktari kanipiga picha ya kichwa, anasema mishipa ya damu imejisokota fundo, inaweza kupasuka, eti anataka kunipasua kabla. Nimemwambia nimefunga mabomba mji mzima huu na hakuna lililovuja. Atanifundisha mimi kuvuja? Ukija kunishikia bango nawe, nakufungia mlango. Ila wewe unachunguza mafundo hayo huko maabara. Niambie kwa maneno ya binadamu, yanatoka wapi?
Baba yako, Fundi Mkuu

11 Machi

Shikamoo Baba,
Sijambo, ila usingizi sina kwa ajili yako. Kila seli ya mshipa hunakili maagizo ya kazi yake. Nakala hiyo tunaiita RNA, na seli huhariri baadhi ya herufi zake. Ni kawaida. Kwenye mafundo tunayoletewa kutoka chumba cha upasuaji, uhariri huo umebadilika, si kama wa mishipa mizima. Kama ndiyo chanzo au ni matokeo, bado hatujui. Ila kuta za mafundo ni dhaifu, hilo tunalijua. Kubali upasuaji. Na vidonge vya presha usiruke, tafadhali.
Mwanao

20 Machi

Kasuku,
Salamu nyingi. Yaani kusoma kote huko, jibu ni "hatujui"! Fundi ana njia yake. Bomba ukilitilia shaka, unapandisha presha, unakaa pembeni, unangoja. Likistahimili, ni zima. Basi vidonge nimeviacha. Jana nimebeba sinki la chuma peke yangu hadi ghorofani, vijana midomo wazi. Hata tone! Daktari akatafute kichwa kingine.
Fundi Mkuu

25 Machi

Shikamoo Baba,
Umenitoa roho. Bomba likipasuka unabadilisha kipande. Kichwa chako nitakibadilisha na nini? Meza vidonge sasa hivi, kabla hujaikunja barua hii. Simu hupokei. Sema neno moja tu, nakuja.
Mwanao

Tarehe sijui

Kasuku,
U hali gani? Mwandiko usiucheke, ni mkono wa kushoto. Wa kulia umelala. Limevuja. Kichwa kinagonga kama bomba lililoingia hewa. Wananipasua kesho, daktari haniangalii usoni. Fundo likitoka nimesema lije kwako, ulikate vizuri. Nisipotoka mimi, usihangaike kutafuta chanzo kwenye herufi zako. Presha niliipandisha mwenyewe.
Mlango uko wazi. Njoo.
Baba