Aliyetengeneza Anywe Kwanza

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mzee Mayala, bosi wetu hapa kwenye mtambo wa kuchenjua dhahabu, katoa neno: wiki hii anachagua njia moja ya kuua sayanaidi kwenye maji machafu. Wanakijiji wa bondeni wanayataka kwa ng'ombe, kiangazi kimewabana. Taa za UV zimeshindwa mapema — maji yana tope, mwanga haupiti. Tumebaki wawili. Mimi na peroksaidi yangu (ile ile ya saluni, ila kali) na mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba. Valerian na mashine ya ozoni, inayobugia dizeli kama wageni wa harusini wanavyobugia soda! Ozoni inafanya kazi, sikatai. Tatizo jenereta, kila saa inazima. Lakini Valerian ni mkwe wa Mzee. Nishajua nani atashinda.

Jumatano, 10 Septemba

Nimebadilisha lebo za sampuli! Chupa yangu ina jina la Valerian, yake ina langu. Mzee kaiinua juani ile yangu: maji ya Valerian safi kama ya mvua, wabeja sana, asante kijana! Nyingine akasema inanuka, Violeth, yaani mimi, ajitahidi. Nimejing'ata ulimi nisicheke. Ijumaa nawaumbua wote wawili mbele ya watu.

Alhamisi, 11 Septemba

Kicheko kimeniisha. Mzee kawapigia simu wanakijiji: kesho walete ng'ombe, wanywe kwenye tangi la Valerian. Nimelipima. Sayanaidi bado imo, ya kuua zizi zima! Jenereta ilizima, Valerian anajua, kanyamaza. Nikisema, la lebo nalo litatoka — kwaheri kazi. Naogopa kweli. Basi asubuhi namwaga maji yake yarudi kwenye bwawa la maji machafu, najaza yangu. Sifa achukue yeye. Inaniuma hiyo!

Ijumaa, 12 Septemba

Nimejaza. Naandika nimejibanza nyuma ya tangi, pampu bado ya moto. Ng'ombe wamefika, mbele yao dume la Mzee mwenyewe, aitwaye Waziri. Ila wazee wa kijiji wamegoma: aliyetengeneza maji anywe kwanza, ndipo mifugo.

Namchungulia Valerian. Jasho! Kikombe kakishika mbali na mdomo. Hajui kama nimebadilisha maji.

Hanywi! Kamrudishia Mzee kikombe. Anaapa kwa Mungu maji haya si yake, ni ya Violeth. Anadhani anadanganya — kumbe leo ndiyo kasema kweli! Nimeziba mdomo kwa kitenge.

Mzee ananiita. Anakuja huku na kikombe, kimejaa pomoni. Wazee nyuma yake. Waziri nyuma ya wazee.

Yangu niliyapima, yalikuwa salama. Lakini yakiwa kwenye tangi langu. Humu sijapima. Ya Valerian nilimwaga yote? Koki iko juu kidogo, na chini yake huwa panabaki —