Folda Nisiyoifuta

Hsinchu, Jumapili

Kwako Kaka Yu-tang,

Pokea salamu zangu, na heshima zangu umfikishie mama yako. Natumaini goti lake limepata nafuu na mapera yenu yamekubali mwaka huu. Mimi mwili ni mzima. Moyo ndio unaonisumbua, ndiyo maana nimeandika badala ya kukupigia simu.

Ofisini bado tunaunda mfumo endeshi wetu wa vifaa vya wateja kutoka kwenye msimbo, ile mistari ya maagizo tunayoiandikia kompyuta, na ile pakiti ya kijani ya bisi, hirizi yetu, bado iko juu ya mashine ili isigome. Bwana Fang, na umeneja wake wote, huikagua kila wiki isije ikapitwa na tarehe, bahati ikatukimbia. Wenzetu wanakuulizia. Huwa nawaambia umeachana na kompyuta baada ya miaka ishirini, kama ulivyoniambia stesheni, "Mdogo wangu, usinililie. Umri umenifikia, siyaoni tena makosa yangu mwenyewe."

Unaikumbuka ile wiki vifaa vya mteja vilipokuwa vikizimika ovyo. Msimbo mpya ulikuwa wako, ila aliyeuunda kuwa toleo la mteja ni mimi. Bwana Fang aliniuliza mbele ya wote kama nilisafisha folda kabla ya kuanza, maana mashine huokoa muda kwa kuunganisha vipande vya zamani na vipya, navyo wakati mwingine havielewani. Nikajibu, "Ndiyo, nilifuta vyote." Lawama zikakuangukia wewe, na msimbo wako ukaondolewa.

Kaka, sikufuta. Kuanza upya kungechukua saa sita, nami niliogopa kuikosa karamu ya ofisi ya kufunga mwaka na bahati nasibu yake. Siku tatu baada ya wewe kuondoka, niliurudisha msimbo wako kwenye mashine yangu, nikasafisha folda, nikaunda bila kugusa hata herufi. Kifaa hakikuzimika. Nikanyamaza mwaka mzima, na najichukia kwa hilo.

Jana nilimweleza Bwana Fang. Akasema yamepita, watu wameshasahau. Nikamjibu kwamba wewe hujasahau. Kesho nitayasema mkutanoni, mbele ya walewale walionisikia nikidanganya.

Sikuombi unisamehe. Nimekuwekea kurasa za msimbo wako humu kwenye bahasha. Zisome, Kaka. Hazina kosa hata moja.

Nisalimie nyumbani kote.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,
Szu-ying